Toyota Vitz ya 1.0 au ya 1.3? Nimekaa na zote, haya ndo niliyoyaona

Kila wiki kuna mtu ananiuliza hili swali, nimeona niliandike mara moja nipumzike. Swali lenyewe huwa hivi: "kaka nataka kuagiza Vitz, nimeona F ya bei rahisi na nimeona U imezidi kama dola 1,000, nichukue ipi?" Nami sijibu mpaka nimuulize mambo mawili, injini yake cc ngapi na ni ya mwaka gani, maana hizo herufi za nyuma, yaani gredi ya gari, ndo za mwisho kabisa kuangalia na watu wengi wanaanza nazo.

Naongelea Vitz mpya mpya hizi zilizoanza kutoka Japan mwisho wa 2010, sio zile za zamani zenye saa ya spidi katikati ya dashibodi. Hizi saa iko mbele ya dereva na wiper ya mbele ni moja tu, ndefu. Mi nina U ya 1.3 ya 2016, niliagiza 2023. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwaka huohuo akaagiza F ya 1.0 ya 2012. Alinicheka sana, akasema nanunua vitufe. Kwa hiyo gari zote mbili ziko kwenye familia, na ya kwake nimeiendesha wiki tatu mfululizo kwa sababu ambayo nitaieleza huko chini na bado inaniuma.

Tuanze na hela maana ndo kila kitu. CIF ya shem (bei ya gari pamoja na bima na usafiri mpaka bandarini) ilikuwa pungufu ya yangu kwa karibu dola 1,000, yaani kama milioni 2.4 kwa rate ya wakati ule. Akawa anatembea kifua mbele. Gari zimefika bandarini, makadirio ya TRA (mamlaka ya mapato) yametoka, ushuru wake yeye ukawa mkubwa kuliko wangu kwa karibu laki 9! Alidhani wakala kamchezea, akaenda mpaka ofisini kwao kugomba. Hakuchezewa, ndo sheria ilivyo. Ushuru wa forodha 25% tunalipa wote na VAT 18% tunalipa wote, tofauti iko kwenye excise, yaani ushuru wa bidhaa. Gari isiyozidi cc 1000 excise ni 0, ikizidi hapo mpaka 2000 ni 5%. Hapo kweli yeye alinishinda maana 1.0 ni cc 996 na yangu ni 1329. Ila kuna excise nyingine ya uchakavu: gari ikifika miaka 8 wanaongeza 15%, ikipita 10 wanaongeza 30%. Ya kwake ilikuwa na miaka 11. Yangu 7.

Piga hesabu mwenyewe uone. Tuseme thamani ya gari TRA ni milioni 10, forodha ikiingia inakuwa 12.5. Ile 5% ya injini ni laki 6 na 25 elfu, ukiiwekea VAT yake inafika kama laki 7 na 40. Ile 30% ya uzee ni milioni 3.75, na VAT yake inagonga milioni 4.4. Yaani mtu anakimbia injini ya 1.3 ili aokoe laki 7 halafu anaangukia mwaka unaomla milioni 4 na ushee. Kuna tozo nyingine ndogondogo za reli na nini sijaziweka hapo, hazibadilishi picha. Na ujue TRA hawaangalii ulilipa bei gani Japan, wana thamani zao kwenye mfumo wao wa magari yaliyotumika, unaingiza aina, mwaka, cc, unaona kabisa kabla hujatuma hata senti. Bahati nzuri za kwetu zilikaribiana na CIF. Mfumo haukuulizi kama gari ni F au U au Jewela. Hiyo maana yake ukishaamua mwaka na injini, kupanda gredi unalipia tofauti ya bei ya Japan tu na ushuru hausogei.

Mwisho wa siku shem alikuwa ameokoa kama milioni 1 na nusu, sio 2.4. Sasa swali, hiyo milioni na nusu inanunua nini?

Inanunua injini kwanza. 1.0 ni pistoni 3, nguvu ya farasi 69. Ukiwa umesimama kwenye taa unaisikia ikitetemeka mpaka kwenye usukani, hasa AC ikiwa imewashwa, na watu wengi wanadhani ni ubovu, wanaenda kubadilishiwa mounting (zile raba zinazoshikilia injini) bure, wakati pistoni 3 ndo zilivyo. Ya 1.3 ni pistoni 4, na hizi za kuanzia 2014 walivyobadilisha sura ina farasi 99. Ukiwa peke yako Mwenge mpaka Posta asubuhi hutaona tofauti yoyote ya maana, nakwambia ukweli, foleni haijui injini. Mi nakaa Goba, na mtu wa Goba anajua vile vilima vyetu, hapo ndo naanza kuona. F ukiwa na watu wawili nyuma inapanda, ila inapanda kwa kelele.

Sasa Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa. Desemba tulienda Iringa msibani, gari zote mbili zimeongozana. Mpaka Mikumi tuko sawa, Ruaha Mbuyuni tukala, tukaanza kupanda. Shem ana watu wazima wanne, begi zimejaa buti na mchele kilo 50 wa mama mkwe. Mbele yetu kuna lori la mafuta linatambaa. Kila lori likitupa nafasi mi nakanyaga napita, naangalia kwenye kioo simwoni shem. Nikasimama juu kumsubiri. Alipofika vioo vyote vinne vimeshushwa, watu wanatoka jasho, mke wake kashika kanga anajipepea. Kumbe walizima AC tangu chini maana ikiwa imewashwa gari inagoma kuvuka 30, na gia zenyewe ni CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, haina kusema inapiga gia utulie, inalia tu sauti moja kama mashine ya kusaga mpaka juu. Haikuchemsha wala haikuharibika, niwe mkweli, 1.0 haikuzima hata mara moja. Ila kuovateki pale na F iliyojaa, usithubutu.

Mafuta je? Watu wote wanajua 1.0 inakula kidogo. Mjini ni kweli, kwa vipimo vyangu vya kujaza tenki na kugawa kilomita, ya shem inanipa 13 mpaka 14 kwa lita na yangu 12 na kidogo. Safari ndefu zikijaa watu mambo yanageuka, yangu ilienda 17 na yake ikaishia 16, kwa sababu muda wote umeikanyaga mpaka sakafuni. Hata Wajapani wenyewe kwenye karatasi zao hizi za 2014 kuendelea wameipa 1.3 kilomita 25 kwa lita na 1.0 24. Hizo 25 huzipati Bongo hata ushuke mlima, ila zinaonyesha injini kubwa sio lazima iwe mlevi.

Tuje kwenye vitufe sasa ambavyo shem alinichekea.

Kitufe cha kuwashia na funguo ya kukaa mfukoni: raha mwezi wa kwanza, baadaye unasahau kama ipo. Siku ukipoteza ndo unaikumbuka. Mke wangu aliidondosha moja feri, kutengeneza nyingine na kuiprogramu niliambiwa bei nikacheka, nikabaki na moja mpaka leo. F ya shem ni funguo ya kawaida, akipoteza anachonga. Hapo F kashinda.

Ile ya kuzima injini yenyewe ukisimama, nayo naihesabu kama hasara. Foleni ya Ubungo saa 11 jioni, gari inazima, kompresa ya AC nayo inalala, unabaki unapulizwa upepo wa moto. Kuna kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale, mi nikiwasha gari tu cha kwanza nakibonyeza kuizima. Na betri yake ni ya aina yake, bei yake sio ya betri ya kawaida. Yangu ilikufa baada ya mwaka, nikaweka ya kawaida kubwa kidogo, ule mfumo ukagoma kabisa na sijaumiss.

AC ya kujirekebisha yenyewe, usukani wa ngozi, sijui dashibodi imepakwa nini, hivyo ni vizuri kuvishika, basi.

Kitu ambacho ningelipia tena ni kamera ya usalama. Hizi zilianza kuja Vitz 2015, ya kwangu inayo na si zote zinazo, hata kama tangazo limeandika U. Ukiangalia picha za gari, tazama juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha ndani, kama kuna kiboksi cheusi. Hicho ndo kinachopiga kelele ukikaribia kumgonga wa mbele na kinaweza kufunga breki. Kwa bodaboda wa Dar kinalia kila siku, nilikichukia, mpaka siku moja Kibaha usiku bajaji isiyo na taa imekata mbele yangu na kelele ikanitangulia kukanyaga breki. Sijui ningekuwa wapi. Sasa angalizo, jiwe likipasua kioo cha mbele usiende kubandika kioo chochote cha bei chee, kamera inaangalia kupitia hapohapo.

Vingine havina tofauti kabisa. Zote ziko chini, bampa la mbele litakwaruza kwenye matuta ya mtaani uwe na F au U. Buti ndogo zote. Spea zipo zote Kariakoo pale Gerezani, na za 1.0 nadhani ni rahisi zaidi maana injini hiyohiyo iko kwenye Passo, zimejaa mji mzima.

Sasa zile wiki tatu nilizoendesha gari ya shem, yangu ikiwa gereji. Gari zote mbili ni CVT, na CVT ina mafuta yake yameandikwa CVT kabisa kwenye kopo. Nilienda gereji moja, jina naliacha, nikamwambia fundi nataka mafuta ya gia ya CVT, akasema boss usijali haya tunaweka kwenye magari yote. Mi nikaenda kunywa chai. Nakuta ameshajaza ATF nyekundu ile ya gia za otomatiki za kawaida. Siku ya tatu gari ikaanza kushtuka ukiondoka, ya tano inavuta kama ina mtu kashikilia nyuma. Kumwaga, kusafisha, kurudia mara mbili, kubadilisha filta, wiki tatu na hela ambayo sitaki kuitaja mke wangu asije akasoma hapa. Fundi akanambia "gari za vitufe ndo zilivyo boss". Vitufe vimehusikaje na mafuta ya gia? Ukae pale pale fundi anapofanya kazi, soma kopo mwenyewe, chai utakunywa nyumbani.

Kama unaagiza, namba ya chasisi ndo isikupite. Ikianza KSP130 hiyo ni 1.0, NSP130 ni 1.3, NCP131 ni 1.5 ile ya RS, na NHP130 ni hybrid zilizoanza 2017. Hybrid sijaimiliki, nimepanda za Bolt tu, kimya sana, ila ile betri kubwa kwa gari iliyotumika inanipa woga, siwezi kukushauri.

Mimi ningefanya hivi. Unazunguka Dar tu, uko peke yako au wawili, chukua 1.0 F na usione aibu, ila tafuta ambayo haijafika miaka 8 hata kama Japan ni ghali kidogo. Unaenda mkoani na familia, 1.3, na hapo kama U inazidi F ya 1.3 kwa dola 300 au 400 na ina kile kiboksi, lipa. Kama haina kiboksi chukua F ya 1.3, hizo hela nyingine ziende kwenye taili na mafuta ya gia ya halali.

Shem mwenyewe hajutii, anatoka Tabata anaenda Kariakoo anarudi, wese la elfu 30 linamtosha siku kadhaa, na bado ananiita mzee wa vitufe. Ila Desemba hii tunaenda tena Iringa na ameshasema wao watapanda basi, mchele wa mama mkwe niubebe mimi.