Uzoefu wangu na santuri za nyimbo za katuni za zamani

Nimekaa na hizi santuri mwezi mzima sasa ndo naandika, maana kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyeandika kwa Kiswahili sikumpata. Niko Columbus, Ohio, na huku maduka ya mitumba kona ya nyuma kabisa unakuta makasha yamejaa santuri, unachambua mwenyewe kama uko soko la mitumba la Karume, Dar. Nilitoka na tatu kwa dola 11, ya nne nikaagiza mtandaoni, na hiyo nitaisema mwishoni kwa sababu imeniuma.

Naanza na ile ya Chipmunks, The Chipmunk Song ya 1958, kisahani kidogo cha spidi 45, yaani kinazunguka mara 45 kwa dakika. Wengi wetu Alvin na wenzake tunawajua kwa katuni, kumbe wimbo ndo ulitangulia, katuni ya TV ikaja 1961. Sauti zote tatu za wale kindi kaimba jamaa mmoja, Ross Bagdasarian, aliyejiita David Seville, aliimba polepole tepu ikiwa kwenye nusu spidi halafu ikachezeshwa kwa spidi ya kawaida, sauti ikapanda juu. Hayo nilikuwa nayajua kwa kusoma tu. Sasa jumapili moja binti yangu wa miaka 7 akagusa swichi ya spidi, 45 ikashuka kuwa 33, jamani! Vyombo vikaanza kujikokota kama redio iliyoishiwa betri lakini sauti ya Alvin ikashuka kuelekea ya mtu mzima, unamsikia kabisa baba wa watu anatamka neno moja moja kwa utulivu, anashikilia kila herufi ili ikija kukimbizwa isipotee. 33 siyo nusu ya 45 kwahiyo hashuki mpaka chini kabisa, ila inatosha kumsikia. Tulinyamaza wote wawili. Ule wimbo ulichukua Grammy tatu mwaka 1959, tuzo zenyewe zilikuwa ndo zinaanza, na mojawapo ilikuwa ya ufundi wa kurekodi, na baada ya kusikia ile 33 naona walistahili. Hata jina la Theodore limetoka kwa fundi mitambo wao, Theodore Keep.

Ndo maana naudhika mtu akisema hizi ni nyimbo za kitoto, za mzaha mzaha. Za kuchekesha ndiyo, lakini waliofanya kazi walikuwa mafundi.

Chukua I Taut I Taw a Puddy Tat, kile kindege Tweety na paka wake Sylvester. Mel Blanc ndo sauti ya Tweety, Mel Blanc huyohuyo ndo Sylvester, wanajibizana ndani ya wimbo mmoja na huwezi kuamini ni koo moja. Tweety anaongea kama mtoto wa kwetu anayesema "lafiki" badala ya rafiki, paka naye anatema mate kwenye kila s, na kote humo haachi mapigo hata kidogo. Nyuma yake kuna okestra ya Billy May, huyu baadaye alimpangia muziki mwimbaji maarufu Frank Sinatra, yaani siyo watu wa kuokoteza. Yangu ni ya spidi 78 na hapa sikiliza vizuri, 78 inataka sindano yake ambayo ni pana zaidi, ukiweka ile ya LP, zile santuri kubwa za spidi 33, inachezacheza kwenye mfereji, sauti inakwaruza na sindano inakufa. Nilinunua sindano ya pili dola 20 na zaidi, ghali kuliko santuri zenyewe, sijutii.

Mickey Mouse Disco ya 1979 ndo LP ya kuwekea watu. Kuna Macho Duck, bata Donald anawaigiza Village People, lile kundi la disko, wanangu wote wanaruka mpaka jirani wa chini anagonga. Besi yake imepigwa kwelikweli. Upande wa pili unapoa kidogo, It's a Small World na Chim Chim Cher-ee ni nyimbo za zamani zilizobandikwa ngoma za disko na unazisikia zimebandikwa. Iliuza sana wakati wake, kwahiyo bado zimejaa mitumbani, msikubali kulipa dola 30.

Sasa ile ya nne. The Woody Woodpecker Song ya Kay Kyser na bendi yake, wimbo wa Woody yule ndege kigogota wa katuni, iliyoshika namba moja 1948, anaimba Gloria Wood na kile kicheko cha kigogota kakitoa Harry Babbitt. Mwaka huohuo ulitumika kwenye katuni fupi ya Woody ukateuliwa kugombea Oscar, wimbo wa katuni ya dakika chache umekaa na nyimbo za filamu kubwa! Muuzaji akanitumia santuri kwenye bahasha peke yake, hakuna hata kadibodi, na 78 za zamani zinavunjika kama sahani ya udongo, nikafungua nikakuta vipande vitatu. Hela hakurudisha. Vile vipande nimevihifadhi, lebo bado inasomeka vizuri.

Ukiagiza 78 mwambie muuzaji kabla hujalipa, kadibodi mbili, moja kila upande, na sanduku siyo bahasha. Mimi bado naitafuta hiyo ya Kyser, ikiwa nzima hata kama ina mikwaruzo naichukua.