Kumkinga mgonjwa wa moyo na baridi ya kipupwe: nini ununue kwanza

Mama hulalia mito mitatu. Tangu moyo wake upungukiwe nguvu, akilala chali pumzi zinambana, kwa hiyo usiku kucha huwa nusu amelala, nusu ameketi. Alfajiri moja ya mwezi wa saba, hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, nilimshika mabega nikayakuta baridi kama sakafu. Blanketi lilikuwa limeteremka hadi kiunoni. Lilikuwa blanketi zito, la bei, tulilomnunulia kwa mapenzi, na yeye hakuwa na nguvu za kulivuta juu.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kununua kwa kumtazama yeye kwanza, duka baadaye.

Najua atakayeuliza baridi ya Lamu ni baridi gani. Kweli, usiku wa kipupwe hapa haushuki sana chini ya nyuzi 23. Lakini kusi likivuma mtu amelowa, mwili hupoteza joto upesi. Tena wagonjwa wetu husafiri: boti hadi Mokowe, ng'ambo bara, huku maji ya chumvi yakiwarukia, kisha basi la saa nyingi, kisha kliniki Nairobi, ambako usiku wa Julai hufika nyuzi 10 au 12. Na kuna wazee wetu waliochukuliwa na watoto London au Toronto, wakapambana na majira ya baridi yenyewe.

Baridi inapoupiga mwili, mishipa ya damu hujibana ili joto lisitoke. Mishipa ikijibana presha hupanda, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Moyo mzima hustahimili. Moyo uliochoka hauna akiba. Ndiyo maana katika nchi za baridi wagonjwa wa aina hii hulazwa kwa wingi zaidi majira hayo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha joto la ndani ya nyumba wakati wa baridi.

Cha kwanza: sweta ya vifungo mbele. Naitanguliza kuliko blanketi, na sitetereki. Anayelala ameegemea mito, mabega na kifua ndivyo vinavyobaki nje, na sweta haiteremki. Vifungo viwe mbele kwa sababu kuinua mikono miwili na kupitisha kichwa kwenye sweta ya kuvaa juu ni kazi ngumu kwa mwenye pumzi fupi. Mama alikuwa akimaliza kuivaa anaanza kuhema. Tena daktari akitaka kusikiliza kifua, unafungua tu.

Nenda kwenye mitumba, usione haya. Za sufu halisi hutoka huko kwa bei ambayo dukani hupati hata ya nailoni. Soma kitambulisho kilichoshonwa shingoni au ubavuni: sufu huendelea kutia joto hata ikipata unyevu, lakini pamba ikilowa inakuwa baridi juu ya ngozi. Inyanyue kwenye mwanga utazame matundu ya nondo, hasa kwapani. Kisha ipime mkononi. Ikiwa wewe mzima unaona nzito, iache. Ni afadhali nguo mbili nyepesi moja juu ya nyingine, kwani hewa iliyo katikati ndiyo inayotunza joto, na jua likitoka unavua moja.

Cha pili: koti la mvua, kwa anayevuka maji. Kwa mgonjwa wa Malindi hili linaweza kushuka hadi mwisho. Kwa wa Lamu halishuki. Chagua lenye kofia yake na urefu wa kupita magoti, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta na buibui au kanzu. Kofia zetu za kushona kwa mkono ni nzuri mno, lakini vile vitundu vyake vilitobolewa ili kichwa kipate hewa. Chini ya kofia ya koti, mvike mzee ya sufu.

Cha tatu: soksi. Hapa watu wengi hukosea. Miguu ya mgonjwa wa moyo huvimba, na soksi yenye mpira mkali huacha alama kama kamba. Tafuta zenye ukingo uliolegea, ukubwa unaozidi mguu wake kidogo. Soksi za kubana zinazouzwa kwenye maduka ya dawa usinunue kwa kukisia. Hizo aziamue daktari.

Cha nne: mablanketi mawili mepesi. Blanketi zito kifuani ni mzigo kwa anayehangaikia pumzi. Shuka ya Kimaasai ni nyepesi, inazuia upepo, na ndani ya basi hugeuka mtandio. Kabla hujatoa pesa, inama utazame kitanda. Kama ni kile chetu cha kamba, upepo wa dirishani hupita chini na kupanda kupitia kamba zenyewe. Mkeka mnene au blanketi kuukuu chini ya godoro vitamfaa kuliko blanketi jipya juu.

Cha tano: chupa mbili za chai. Moja ya chai, nyingine ya udhu. Wazee wetu huamka alfajiri wakajimwagia maji yaliyolala birikani usiku mzima, na mgonjwa hahitaji mshtuko huo. Maji ya vuguvugu yakiwa tayari kando, anatawadha kwa raha. Kuhusu ile ya chai, kumbuka baadhi ya wagonjwa wamewekewa kiwango cha vinywaji kwa siku, na chai na supu vyote vinahesabiwa. Chagua chupa ambayo ujazo wake unaujua.

Cha sita: chupa ya mpira ya maji moto. Ni nzuri kupashia kitanda, ila mwangalifu awe wewe. Mwenye kisukari au miguu iliyovimba huenda asihisi anaungua. Usitie maji yanayochemka, ivalishe kanga, na uitoe kabla hajapanda kitandani. Unaponunua, tafuta alama ya ua shingoni mwa chupa: namba iliyo katikati ni mwaka ilipotengenezwa, na petali ni miezi. Ikishafika miaka miwili huwekwa kando, maana mpira huchakaa na kupasuka.

Hita ya umeme ni ya mwenyeji wako Nairobi zaidi kuliko yako. Ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa. Ile ya umeme iliyojazwa mafuta ndani haina waya mwekundu ulio wazi, kwa hiyo naipendelea. Ichomekwe ukutani moja kwa moja.

Jiko la makaa chumbani halimo katika orodha yangu na lisiwemo katika yako. Hewa yake ya sumu haina harufu, inakaa ndani ya damu mahali pa oksijeni, na watu hulala wasiamke. Hata chetezo cha udi, nawaomba, kisiachwe na mgonjwa chumba kimefungwa.

Na dawa za mafua. Msimu wa baridi ndipo tunapokimbilia dukani kuomba "kitu cha homa". Ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na kwa mgonjwa huyu maji hayo huishia miguuni na kwenye mapafu. Za kuzibua pua nyingine hupandisha presha. Mwambie muuza dawa kwanza, kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu: mgonjwa ana maradhi ya moyo.

Ukibakiwa na pesa, nunua mizani ya kusimamia. Mama hupimwa kila asubuhi akitoka msalani, kabla ya chai na kabla ya sweta, maana nguo za kipupwe hudanganya mizani. Tunaandika kwenye daftari. Akizidi kilo mbili ndani ya siku tatu, dalili ya maji kujaa mwilini, tunapiga simu kliniki siku hiyohiyo, hata kama anasema hajambo.