Kabla hujanunua sola ya nyumbani, uliza inveta yenyewe inakula kiasi gani

Nguzo za TANESCO ziliishia barabarani, mbali na kiwanja chetu cha Kisarawe. Tulisubiri tukachoka, tukaamua kufunga sola. Fundi akanipeleka kwenye duka analolijua yeye, na muuzaji akaniuliza swali moja tu: nyumba ina vyumba vingapi? Nikamjibu vitatu na sebule. Akashusha inveta ya wati 3,000, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vyombo vya nyumbani. "Mama, chukua hii kubwa, hata kesho ukileta pasi haikusumbui." Nikalipa. Tukaongeza betri mbili za AGM (aina ya betri za risasi zilizofungwa) za ampea-saa 200 na paneli mbili za wati 300.

Masika yalipoingia, inveta ikaanza kupiga king'ora saa kumi alfajiri. Baadaye saa nane. Baada ya miezi 14 betri hazikuweza kuvusha hata taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Fundi alikuwa na jibu moja, niongeze paneli. Sikuwa na hela ya paneli, na nashukuru sikuwa nayo, maana ningeitupa palepale nilipotupa ile ya kwanza.

Niliazima klampumita, kipimo cha kubana kwenye waya, inayosoma umeme wa DC (ule wa betri), nikazima kila kitu ndani ya nyumba, nikaibana kwenye waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta. Ikasoma ampea 2.5. Mfumo wetu ni wa volti 24, kwa hiyo hizo ni wati 60. Hakuna taa inayowaka, hakuna simu kwenye chaji, na wati 60 zinaondoka usiku na mchana kwa sababu tu inveta imewashwa.

Zidisha kwa saa 24 upate wati-saa 1,440, yaani karibu uniti moja na nusu kila siku. Sasa tazama nyumba yangu yote ilikuwa inatumia nini. Taa 8 za wati 7 kwa saa 5 ni 280. Televisheni ya wati 50 kwa saa 5 ni 250. Feni ya wati 45 kwa saa 8 ni 360. Simu zote pamoja kama 50. Jumla 940. Kile chombo nilichonunua kinihudumie kilikuwa kinakula kuliko familia nzima. Kwa mwezi ni uniti 43. Mteja wa TANESCO wa D1, ambaye kiwango chake ni uniti 75 kwa mwezi, atanielewa upesi: zaidi ya nusu ya mgao wake ingeishia kwenye boksi la ukutani.

Na paneli zangu zingelipaje deni hilo? Wati 600 kwa saa 4 za jua zuri (kwa ukanda wetu mimi hupiga hesabu ya msimu wa mawingu, si ya Januari), toa kama asilimia 30 inayopotea kwa joto, vumbi na waya, zinabaki 1,680. Mahitaji yalikuwa 2,380. Kila siku betri zililala na njaa, na betri za risasi zikikaa muda mrefu bila kujaa, sahani zake hushika chumvi ngumu isiyoyeyuka tena. Ndivyo zangu zilivyokufa. Nilikuwa nimelaumu betri, nikalaumu mawingu, nikawalaumu na watoto kwa katuni.

Mama mmoja wa Kibaha aliniandikia kwamba sola yake haifiki asubuhi na amebadilisha betri mara mbili. Nilimwomba apime kama nilivyopima. Hadithi ikawa ileile.

Kwa hiyo nitawapangia kwa kigezo hicho, inveta inakula nini ikiwa haina lodi, yaani hakuna chombo kinachoitumia. Mambo ya paneli mtayasikia kwa kila fundi. Nitasema tu kwamba kwetu kusini mwa ikweta uso wake uelekee kaskazini, na ulazo usipungue nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi.

Ya kwanza kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni Victron, zile za bluu kutoka Uholanzi. Nimefunga Phoenix 24/800, ambayo bila lodi inakula kama wati 7. Saba, si sitini! Kwa siku ni wati-saa 168. Jueni tu kwamba hiyo 800 ni VA (volti mara ampea), si wati. Wati halisi ni 650 kwenye joto la nyuzi 25, na joto likipanda zinapungua. Blenda ndogo inasaga, pasi haipigi, na mimi nimerudi kwenye pasi ya mkaa bila kinyongo. Ina pia hali ya kusinzia inayopunguza ulaji zaidi, ila chaja ya simu peke yake inaweza isiiamshe, kwa hiyo yangu nimeizima hali hiyo. Niliifunga pamoja na kontrola ya SmartSolar ya kampuni hiyohiyo, inayosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, na kwenye simu naona mavuno ya siku 30 zilizopita. Betri ni moja ya lithiamu-chuma-fosfeti, volti 24 ampea-saa 100, ambayo natumia hadi asilimia 80 ya chaji yake bila wasiwasi. Zile za AGM ukizishusha chini ya nusu unazifupishia maisha.

Ya pili ni kuacha inveta kabisa. Kama nyumba ni ya taa, simu, redio na feni, vyote hivyo vinapatikana vya volti 12. Hasara yake ni waya: volti 12 hupotea njiani, kwa hiyo waya uwe mnene na betri ikae katikati ya nyumba, si stoo ya uani.

Ya tatu, inveta za haibridi (zinazochanganya sola, betri na umeme wa gridi) za Deye na Growatt zilizojaa madukani. Ni nzuri kwa mwenye friji, pampu na umeme wa TANESCO unaokatika, anayetumia uniti tano na kuendelea kwa siku. Hapo wati 50 au 60 za inveta hazionekani sana. Kwa nyumba kama yangu ni kumfuga ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Seti ndogo za Sun King na d.light zinatosha chumba na simu. Kwa nyumba nzima, hapana.

Linaloniuma ni wauzaji. Niliporudi madukani safari ya pili nilizunguka maduka sita nikiuliza swali moja: inveta hii inakula nini bila lodi? Watano walinitajia wati za juu kabisa, wakanionyesha skrini inavyong'aa. Mmoja akaniambia, "Dada, karatasi za nini, hii ni original." Karatasi ya vipimo imo ndani ya boksi! Ulaji bila lodi huandikwa humo, mstari mmoja, na muuzaji anayelipwa kwa ukubwa wa inveta hana haraka ya kuufungua. Bei nayo inaumiza. Hiyo ya bluu ni ndogo kuliko ya kwanza karibu mara nne kwa nguvu, na bado nililipa zaidi. Nawaelewa wanaokimbilia kubwa ya bei nafuu, maana dukani inaonekana umepata kingi kwa kidogo, na wa kukuonyesha tofauti hayupo.

Paneli zangu ni zilezile mbili. Matumizi sasa ni 1,108 dhidi ya 1,680 zinazoingia, na masika haya king'ora hakikulia hata siku moja.

Inveta ya zamani ilikaa stoo muda mrefu. Walikuja wanunuzi wawili wenye nyumba ndogo, nikawakatalia. Mwishowe nimemuuzia seremala wa jirani: anawasha mashine zake asubuhi jua likiwa kali, na saa kumi na moja jioni akifunga karakana anaizima swichi.