Bodi ya TP4056 yenye ulinzi: miezi minne kwenye tochi na redio

Ni bodi ndogo ya kuchajia betri ya lithiamu; yenye ulinzi hukata umeme kabla betri haijanyonywa kupita kiasi. Nilinunua tano Kariakoo, elfu mbili mbili, baada ya kuchoka kuua betri. Tochi yangu ya kujitengenezea ilitumia betri ya 18650 (ile ya lithiamu ya duara, kubwa kidogo kuliko AA) niliyoichomoa kwenye laptopu mbovu, bila kitu chochote cha kukata umeme. Mwanangu akaisahau inawaka usiku kucha. Asubuhi mita ikasoma volti 1.1, betri ndiyo basi tena.

"Zote ni zilezile, fundi," muuzaji aliniambia. Nyumbani nikakuta si zilezile. Nne zilikuwa na B+ na B- za kuunga betri, OUT+ na OUT- za kutolea umeme, na chipu mbili ndogo za ulinzi: DW01A inayopima volti, na 8205A ambayo ndiyo swichi yenyewe, inakata upande wa hasi. Ya tano ilikuwa na chipu ya kuchajia tu. Inachaji vizuri na kuacha kwenye volti 4.2, ila betri ikinyonywa mpaka mwisho yenyewe haina habari. Siku hizi nazigeuza moja moja kwenye mwanga kabla sijatoa hela.

Nilijaribu makusudi moja ya zile nne: nikawasha tochi, nikakaa nayo na mita mkononi. Ilififia, ikafifia, kwenye volti 2.4 hivi ikazima pu! Safi, japo ni chini mno kufanya mazoea. Baadaye betri ikapanda yenyewe hadi 2.9, lakini tochi ikagoma kuwaka. Nilishaanza kujilaumu kwamba nimeunguza kitu, kumbe ilikuwa inasubiri ichomekwe chaji.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya chaji. Bodi inakuja ikiwa imepangwa ampea 1, na chipu hupata moto hadi kidole hakivumilii. Kwa 18650 hakuna neno. Redio ya babu jirani yangu, hata hivyo, ina betri bapa ya miliampea-saa 500. Ampea 1 ni kuishindilia, na ulinzi hauzuii hilo kwa kuwa volti hazijapita kiasi. Nikabandua rezista iliyoandikwa 122, yaani kiloomu 1.2, nikalehemu ya kiloomu 5. Chaji ikashuka hadi miliampea 250 hivi. Rezista yenyewe ni kama punje ya mchele iliyokatika, kwa hiyo kama mkono wako unatetemeka mpe fundi mwingine.

Juzi babu kaniita. "Mjukuu wangu, mbona taa ya bluu haiji?" Taa hiyo huwaka betri ikijaa. Kumbe anasikiliza redio ikiwa kwenye chaji. Chipu huhesabu betri imejaa mkondo ukishuka hadi sehemu ya kumi, hapa miliampea 25, na redio peke yake inakula zaidi ya hapo.

"Babu, ukichaji uizime kwanza."

Akanitazama. "Na taarifa ya habari ya saa mbili nitaisikilizia kwako?"