Uzoefu wangu na Panasonic TZ200: zumu ndefu ya safari inahitaji mwanga kwanza

Anayetafuta kamera ndogo ya safari yenye zumu ndefu hukutana kwanza na namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Canon SX740 HS huvuta mara 40, yaani kutoka milimita 24 hadi 960 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35 (milimita zikizidi, kitu cha mbali huonekana karibu zaidi), nayo Panasonic TZ90 huvuta mara 30. Mimi nilichagua Panasonic TZ200, iliyotoka mwaka 2018, ingawa inavuta mara 15 tu na kuishia milimita 360. Nimesafiri nayo vya kutosha kuweza kusema kwamba, kwa mtu anayepiga picha alfajiri na jioni na si kwenye jua la mchana peke yake, huu ndio uchaguzi ninaoupendekeza.

Sababu ni kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Cha TZ200 ni kile kinachoitwa cha inchi 1 (ni jina tu, si kipimo chake halisi), chenye upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, ilhali cha SX740 na TZ90 ni kile kinachoitwa cha inchi 1/2.3, ambacho upana wake ni milimita 6.2 hivi na kimo milimita 4.6. Eneo la cha kwanza ni takriban mara nne ya hilo, na kamera zote tatu zina megapikseli 20 hivi. Tofauti huonekana jua likianza kuzama: picha za kihisi kidogo hujaa chenga, yaani vidoadoa, mapema, na programu ya kamera, katika kuzifuta chenga hizo, hufuta pia majani, nywele na manyoya.

Zumu yenyewe nayo hula mwanga. Lenzi ya TZ200 hufunguka hadi f/3.3 kwenye milimita 24 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa), lakini ukiivuta mpaka mwisho tundu lake kubwa kabisa ni f/6.4, kwa hiyo mwanga unaopita umeshapungua hadi karibu robo, na papo hapo mtikisiko wa mkono umekuzwa pamoja na picha. Mfumo wa kutuliza mtikisiko husaidia sana kwa jengo au mlima, ila hauwezi kumtuliza ndege anayegeuza shingo. Hapo ni kasi ya shata tu inayookoa, yaani kuuruhusu mwanga uingie kwa muda mfupi sana, na kasi hulipiwa kwa kupandisha ISO, kiwango cha kamera kuukuza mwanga iliopokea, ambacho huleta chenga. Ninayo picha ya yangeyange aliyesimama ukingoni mwa maji jua likiwa limeshagusa upeo wa macho, niliyoipiga kwa ISO 1600. Nyuzi nyembamba za manyoya ya mgongoni zinaonekana moja moja, na tone la maji lililoning'inia kwenye ncha ya mdomo lina mng'ao wake. Kwa picha kama hiyo niko tayari kuziacha milimita 600 ambazo SX740 inazo zaidi.

Kitu kikiwa mbali zaidi, hupiga kisha nikakata picha. Nikibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, napata mwonekano wa milimita 720, na sehemu ya kihisi inayobaki inakaribia ukubwa wa kihisi kizima cha TZ90. Kinachopungua ni megapikseli, kutoka 20 hadi 5, ambazo kwa skrini yoyote ya kawaida zinatosha. Zumu ya kidijitali hufanya ukataji huohuo bila kukupa nafasi ya kuchagua baadaye, kwa hiyo nimeizima. Hata hivyo, mtu ambaye hamu yake hasa ni mwezi, au ndege wa mbali mchana kweupe, atafaidika zaidi na SX740.

Jambo jingine ambalo nisingekubali kulikosa ni kitundu cha kuchungulia, kile unachowekea jicho ili kuona unachopiga, ambacho TZ200 inacho. Kamera ikiegemezwa kwenye paji la uso, na viwiko vikibanwa mbavuni, hutulia kuliko ikishikwa kwa mikono iliyonyooshwa mbele, na kwenye jua kali skrini ya nyuma karibu haionekani. SX740 haina kitundu hicho.

Skrini ya TZ200 haikunjuki, na tundu lake la kuchaji ni la waya wa USB wa aina ya zamani. TZ99 ya mwaka 2025 imeleta USB-C, lakini kihisi chake ni kile kidogo na kitundu cha kuchungulia hakimo. Sony RX100 VII ina kihisi cha inchi 1 na tundu la f/4.5 mwisho wa zumu, ila inaishia milimita 200.

Ukinunua iliyotumika, kumbuka kwamba lenzi za aina hii, zinazotoka na kurudi ndani, huweza kuvuta vumbi. Ivute zumu mpaka mwisho, weka f/8, piga karatasi nyeupe, kisha ikuze picha hiyo kwenye skrini. Ukiona doa la kijivu lisilohama kutoka picha moja hadi nyingine hata baada ya kuifuta lenzi kwa nje, vumbi limeingia ndani, na kulitoa ni kazi ya fundi.