Mshauri nasaha au kocha wa uongozi?
Umepandishwa cheo, timu nzima inakuangalia wewe na usiku usingizi hauji, sasa uende kwa nani? Kocha atakuuliza unataka kufika wapi, mnapanga malengo, ukitoka hapo unaenda kujaribu, mfano kumwambia ukweli yule jamaa anayechelewa kila siku. Mshauri nasaha anarudi nyuma, mbona bosi akipandisha sauti unanywea vile ulivyokuwa ukinywea mbele ya mzee wako? Huko ndo kuna machozi na hakuna haraka. Mi kama silali wala sili naanza kwa mshauri, malengo yatangoja. Halafu Kenya washauri wana sheria yao tangu 2014, lazima wasajiliwe, ila kocha hata jirani yako anaweza kujiita. Na kocha mara nyingi analipwa na kampuni, so uliza kwanza bosi ataambiwa nini.