Digital Dante: ni tovuti nzuri kwa kusoma Jahanamu ya Dante?

Wala rushwa wanachemshwa ndani ya lami. Wanafiki wanajikokota chini ya majoho ya madini ya risasi yaliyong'arishwa kwa dhahabu juu. Wapiga ramli, waliotaka kuona ya mbele, wamepindwa shingo hadi machozi yanawatiririka makalioni. Watu wengi wanaoitafuta Jahanamu, sehemu ya kwanza ya Divina Commedia, shairi refu la Mwitaliano Dante Alighieri, wanatafuta hiki: orodha ya dhambi upande mmoja, adhabu upande wa pili. Orodha hizo zimejaa mtandaoni na karibu zote zinapotosha. Tovuti ya Digital Dante, ya Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, ni ya bure, na sababu kubwa ya kuipendekeza ni kwamba inakulazimisha usome shairi lenyewe.

Ndani yake kuna kanto (sura) zote 100 za shairi, 34 kati ya hizo zikiwa za Jahanamu, yaani mishororo 4,720. Kitaliano kimefuata toleo la Giorgio Petrocchi, ambalo ndilo wanalotumia wataalamu wengi. Kuna tafsiri mbili za Kiingereza: ya Henry Wadsworth Longfellow ya mwaka 1867 na ya Allen Mandelbaum, ya miaka ya 1980. Juu ya hayo kuna ufafanuzi wa mtaalamu wa Dante, Teodolinda Barolini, kanto kwa kanto, ambao ndio roho ya tovuti. Aya zake zina namba, kwa hiyo mwalimu anaweza kumwelekeza mwanafunzi kwenye aya fulani bila kuhangaika. Kiswahili hakimo, msomaji ajiandae kwa Kiingereza cha chuo kikuu, tena kigumu mahali pengine.

Tafsiri kuwa mbili si anasa. Chukua kanto ya 28, kwa wafitini, ambako Bertran de Born anatembea akishika kichwa chake mwenyewe kwa nywele kama mtu aliyebeba kandili. Alimchonganisha mwana wa mfalme na baba yake. Sasa kichwa kimetengwa na kiwiliwili. Anamaliza kwa mshororo wa 142: «Così s'osserva in me lo contrapasso». Ndivyo kontrapaso inavyoonekana kwangu. Neno hilo, la adhabu inayojibu dhambi, ambalo kila orodha ya mtandaoni hulitumia kama kichwa cha habari, Dante amelitumia mara hii moja tu katika shairi zima, na amemtilia mdomoni mtu aliyehukumiwa. Longfellow amelitafsiri kwa neno la uzito unaosawazisha mizani. Mandelbaum amesema «sheria» ya adhabu ya kulipiza, lakini neno sheria halimo katika Kitaliano. Msomaji wa Mandelbaum peke yake ataondoka akiamini kwamba mshairi ametangaza kanuni. Ukiweka matini tatu pamoja, kosa hilo unaliona mara moja.

Kontrapaso yenyewe ina asili ya kitabu: ilitoka katika tafsiri ya Kilatini ya mwanafalsafa Aristotle, na mwanateolojia Thomas Aquinas aliijadili katika mambo ya haki. Lakini Dante haitumii kwa mtindo mmoja. Wakati mwingine adhabu inafanana na dhambi: walioendeshwa na tamaa wanaendeshwa na tufani (kanto ya 5). Wakati mwingine inaipindua, kama kwa wapiga ramli. Na mara nyingine inafuata dhambi hadi kwenye hoja yake ya mwisho. Waliojiua, katika kanto ya 13, wamekuwa miti yenye miiba inayotoa damu na maneno ikivunjwa kijitawi. Siku ya kiyama wataifuata miili yao lakini hawataivaa, itatundikwa kwenye matawi, kwa kuwa si haki mtu kurudishiwa alichojipokonya mwenyewe. Hilo huwezi kulitia kwenye jedwali la safu mbili.

Pahali wanafunzi wanapoteleza zaidi ni ramani ya maduara ya Jahanamu, yanayoshuka moja chini ya jingine. Kosa la kwanza ni kudhani Jahanamu imepangwa kwa zile dhambi kuu saba. Mpangilio huo ni wa Toharani, sehemu ya pili ya shairi. Huku chini kiburi na husuda havina duara lake. Virgil, kiongozi wa Dante, anaeleza mpango katika kanto ya 11 akimtegemea Aristotle: juu wako walioshindwa kujizuia, chini ya kuta za mji wa Dis, ulio humo humo Jahanamu, wako waliotumia nguvu, na chini kabisa wenye hila, kwa sababu hila hutumia akili, ambayo ni mali ya binadamu pekee. Wasaliti wako chini kuliko wezi kwa kuwa wamevunja uaminifu wa pekee: wa ndugu, wa nchi, wa mgeni, wa mfadhili. Wao hawachomwi. Wamegandishwa kwenye barafu.

Kosa la pili ni kudhani maelezo hayo yanatosha. Hayawagusi walio Limbo, yaani duara la kwanza, wala wale wasio na upande wa kanto ya 3, ambao hata Jahanamu haiwataki ndani, na wazushi wa duara la sita hawaingii vizuri kwenye makundi hayo matatu. Ukitumia Digital Dante, ushauri ni huu: soma kanto 1 hadi 5 kwa mfululizo, ruka hadi ya 11, kisha rudi ya 6. Ukisubiri ya 11 kwa zamu yake, utakuwa umepita maduara matano na ushei bila kujua kwa nini mlafi yuko juu ya mkatili. Kwa kila kanto anza na shairi, ndipo ufafanuzi. Barolini anaandika kwa nguvu, na ukimtanguliza yeye utaona anayoyaona yeye tu.

Kuna sehemu inayoitwa Intertextual Dante inayoweka mishororo ya Dante kando ya ile ya Ovid, mshairi wa Roma. Ifungulie kanto ya 25. Huko mwizi na nyoka wanabadilishana maumbo, kiungo kwa kiungo, na Dante anamwambia Ovid wazi kwamba anyamaze, hili la kwake linamshinda. Ukisoma bila Ovid kando, majigambo hayo yanapita bila kuonekana.

Upungufu upo. Anayeanza kabisa anaweza kuzama. Kwa huyo, Danteworlds ya Guy Raffa, Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ni mlango mwepesi: duara kwa duara, michoro, maelezo mafupi ya watu wanaokutana na Dante, maswali ya kujipima. Udhaifu wake umo ndani ya wepesi huo huo. Kwa kuwa imepangwa kwa maduara na si kwa kanto, inavuta macho kwenye adhabu na kuyaacha mazungumzo. Kanto ya 21 na ya 22, za rushwa, zinapoteza ladha zisiposomwa kwa mfululizo: ni mchezo wa kuchekesha, mashetani na wala rushwa wakilaghaiana ukingoni mwa lami. Na kicheko hicho kina uchungu. Mwaka 1302 Florence ilimtia Dante hatiani kwa kosa hilo hilo, faini florini 5,000, kisha hukumu ya kuchomwa moto akikamatwa.

Msomaji Mwislamu ajue mapema kwamba kanto ya 28 inamtaja Mtume na Ali miongoni mwa wafitini, kwa lugha ya matusi. Ni fikra ya Kikristo ya zama hizo, iliyouona Uislamu kuwa mfarakano uliotoka kanisani. Dante huyo huyo amewaweka Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin Limbo, mahali pasipo mateso. Mwaka 1919 Miguel Asín Palacios wa Hispania alidai kwamba Dante alichota mengi katika masimulizi ya Miraji, na mabishano hayajakwisha. Anayeijua hadithi ya Samura katika Sahih Bukhari, ya mla riba katika mto wa damu, atasimama kidogo afikapo kanto ya 12: mto wa damu upo, ila ni wa wauaji na wadhalimu. Wala riba Dante amewaketisha kwenye mchanga wa moto, mikoba yenye nembo za koo zao ikining'inia shingoni.

Ukikwama kwenye mshororo mmoja, nenda Dartmouth Dante Project, hazina ya fafanuzi zaidi ya 70 kuanzia ile ya Jacopo, mwana wa Dante, ya mwaka 1322. Usiandike neno la kutafuta. Chagua Inferno, kanto 28, mshororo 142, na lugha weka Kiingereza. Usipochagua lugha utamwagiwa Kilatini na Kitaliano cha karne saba.